Mtoto Aliyelilia Mawe

Mzee wa zamu, mwache huyo mama akae. Ndiyo, wewe mwenye koti la kahawia, rudi tu kwenye kiti chako. Mtoto analia, basi alie, na mimi nitapaza sauti, tuone nani atachoka kwanza. Haiwezekani tumwombe Mungu watoto mwaka mzima, halafu akitupa tuwatoe nje ya kanisa.

Tena afadhali amelia, maana mfano wangu wa leo unaanza na mtoto anayelia. Mlioko nyuma sogeeni. Kwaya, simu mifukoni, nawaona.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chekechea, katika mji wa kawaida tu, wenye stendi na soko na vumbi lake. Jina lake simtaji, kwa sababu nikimtaja mtaanza kumtafuta kwenye koo zenu. Lakini jambo moja nataka mlijue mapema: alikuwa mwalimu mzuri. Msiharakishe kumchukia. Mtoto akijikojolea, mwalimu huyu alimchukua taratibu nyuma ya mlango, akambadilisha kaptula, akamrudisha kwenye mkeka kabla wenzake hawajajua la kucheka. Kamasi alizifuta kwa leso yake mwenyewe. Watoto wakikutana naye barabarani siku ya Jumapili walichomoka mbio kumkumbatia, mama zao wakabaki wameduwaa pale pale. Ungemwona, wewe mwenyewe ungempa mwanao.

Mtoto naye nitampa jina, maana akikosa jina mtamsahau kabla hamjafika nyumbani kula. Aliitwa Kemilembe. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alitoka Kagera, huko karibu kabisa na mpaka, akaja mji ule kufanya kazi ya kushona sare kwenye karakana moja ya cherehani. Mtoto alimwacha kwa bibi kijijini mpaka apate chumba. Alipopata chumba alimfuata. Fikirini furaha ya siku hiyo. Mama na mwanawe walikuwa ndiyo kwanza wanazoeana upya, wanalala kitanda kimoja, na mtoto hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alijua lugha ya bibi yake tu.

Ninyi mnaotoka Kagera, nawaomba mtulie. Nimeshawaona mnatazamana. Msiniharibie mfano wangu.

Siku ya kwanza ya shule mama alimleta mwenyewe, akamkabidhi langoni, akaondoka haraka kwa sababu zamu ya karakana haimsubiri mtu. Kemilembe alipoona mgongo wa mama yake unapotea kwenye kona, alishika nondo za lango akaanza kulia. Na alilia neno moja. "Mawe! Mawe! Mawe!" Kandambili yake ilikuwa imemvuka, imelala pale kwenye kokoto. Akainama kuiokota, huku bado analia, "Mawe!"

Sasa niambieni. Wewe ungekuwa mwalimu, umesimama pale, unamwona mtoto mgeni amekasirika, ameinama kwenye kokoto, anapiga kelele mawe, mawe. Ungeelewa nini?

Usinijibu. Najua ungeelewa nini, maana hata mimi ningeelewa hivyo hivyo.

Palikuwa na baba mmoja langoni, amemleta mwanawe kwa pikipiki. Akasema, "Madamu, huyu anataka kumpiga nani?"

Mwalimu akacheka kidogo, kile kicheko cha uchovu wa asubuhi. Akasema, "Huyu ndiye tutakayekuwa na kazi naye mwaka huu. Ona, hata darasani hajaingia, ameshaulizia mawe."

Ni maneno machache tu, tena ya utani. Lakini aliyasema juu ya mtoto mmoja mbele ya mzazi wa mtoto mwingine. Na mnatujua sisi watu. Yule baba alipeleka maneno yale stendi, stendi wakayapeleka sokoni, na mchana wanawake wanaouza nyanya walikuwa wanaambiana kwamba chekechea ya kule juu ina mtoto anayevunja wenzake vichwa. Kemilembe alikuwa hajamgusa mtu. Wakati huo alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekumbatia kandambili.

Siku ya pili mama hakuja naye. Zamu yake ilianza alfajiri, kwa hiyo jirani waliyepanga naye nyumba moja ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha pamoja na wa kwake. Basi mwalimu hakumwona tena yule mama. Wala hakumtafuta. Alikuwa na watoto wengi, alikuwa na shughuli, na alidhani ameshaelewa.

Na mtoto aliendelea. Akianguka kwenye bembea, mawe. Mwenzake akimnyang'anya kikombe, mawe. Akisinzia mchana, midomo inacheza taratibu, mawe. Mwalimu akamwambia mlinzi afagie uwanja, atoe kokoto zote, na mlinzi akafagia hadi mgongo ukamuuma. Haikusaidia. Mwalimu akawa anainama mbele ya mtoto, anamwambia kwa upole kabisa, "Kemi, hapa hakuna mawe. Hakuna mawe." Na kila alipolisikia neno lile mdomoni mwa mwalimu, mtoto aliinua kichwa haraka akaangalia langoni. Mwalimu akamwonyesha mwalimu mwenzake: "Unaona anavyoyatafuta?"

Mniruhusu niseme kitu hapa. Mwalimu huyu hakumpiga. Hakumfokea hata siku moja. Angemfokea pengine mtu angeshtuka mapema.

Kiswahili alimfundisha kwa kikombe cha uji. Anampa kikombe kimejaa, anasema, "Uji upo." Mtoto anakunywa. Kikiisha, mwalimu anakigeuza juu chini, anafungua viganja vyake viwili vitupu, anasema, "Uji hakuna." Kemilembe alilishika neno hilo kabla ya mengine yote. Hakuna. Alijua maana yake vizuri: kimeisha, hata ulie namna gani hakirudi. Akawa naye anafungua viganja vyake vidogo, anasema, "Hakuna." Mwalimu akafurahi, akamnyanyua juu. Na ndipo alipopata wazo, akatunga wimbo ili watoto wote wamsaidie mwenzao aache mawe yake.

Ule wimbo naujua. Tuuimbe. Ni rahisi, mimi nauliza, ninyi mnaitikia "Hakuna!" na mnafungua viganja hivi, juu, ili kila mtu aone havina kitu. Wazee na ninyi, msijifanye wazito. Haya.

Mawe darasani? Hakuna!

Mawe uwanjani? Hakuna!

Mawe barabarani? Hakuna!

Mawe kule nyumbani? Hakuna!

Safi. Mmeimba vizuri kuliko tenzi zenyewe. Hata mzee wa zamu nimemwona anatabasamu. Ila wako watu wawili watatu humu ndani ambao hawakuitikia. Yule mama pale karibu na dirisha hakufungua viganja vyake. Nimemwona. Mama, samahani, vumilia kidogo.

Watoto waliimba wimbo ule kila asubuhi na kila walipotoka kunywa uji. Waliuimba kwa upendo, wanamzunguka Kemilembe, wanamfungulia viganja usoni, wanacheka. Na wimbo ulifanya kazi. Neno lile likapungua. Likaja kwa kunong'ona. Halafu likaisha kabisa, na pamoja nalo mtoto akaacha kulia, akaacha pia kusema karibu kila kitu. Mwalimu akasema ametulia.

Lakini mjini maneno yalikuwa hayajatulia. Yule baba wa pikipiki na wenzake walifika shuleni wakasema hawawezi kuchanganya watoto wao na mtoto wa mawe, aondolewe. Wakamwambia mwalimu amwite mzazi wake wamalize. Na hapa eleweni vizuri kilichokuwa kinataka kutokea. Mtoto akiondolewa, mama hana pa kumwacha mchana. Itabidi amrudishe kijijini kwa bibi, mbali kule. Watu wawili waliotengana muda mrefu, wakakutana juzijuzi tu, watatenganishwa tena kwa sababu ya neno moja.

Mama akaomba ruhusa kazini akaja. Na alikuja na hasira zake, msidhani alikuja kunyenyekea. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, na njia nzima alikuwa anapanga la kusema.

Mwalimu akamkaribisha kwenye kile kiti kidogo cha watoto, maana ofisi haikuwepo. Akasema, "Karibu, Mama Kemi. Ni kweli wazazi wamelalamika, lakini mimi nitakutetea. Mwanao alikuja na tabia ya kutishia wenzake mawe. Kila saa mawe. Ila usiogope, tumemponya. Siku hizi hasemi tena."

Mama akasema, "Mwalimu, subiri. Mimi nimekuja kukuuliza wewe. Nimekukosea nini mpaka umwambie mwanangu maneno mabaya juu yangu?"

"Mimi? Maneno gani, mama?"

"Nikirudi kazini jioni, mtoto haniiti. Zamani akisikia tu mlango ananiita mpaka majirani wanacheka. Sasa ananitazama. Anakuja ananipapasa uso, ananishika pua, masikio, kama mtu anayehakikisha kitu. Halafu anafungua viganja hivi, kimya. Juzi nikamkalisha, nikamuuliza ana nini. Akaniambia mwalimu anasema mama ameisha."

Mwalimu alishangaa kwelikweli. Akaapa. Akasema, "Mama, sijawahi kusema hivyo hata kwa ndoto. Labda ni ule wimbo ameusikia vibaya. Hebu nikuimbie, ni wimbo wa kumwachisha mawe tu." Akasimama, mbele ya yule mama, akapiga makofi, akaimba kama ninyi mlivyoimba. Mawe darasani? Hakuna. Mawe uwanjani? Hakuna. Alipofika "Mawe kule nyumbani," mama alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga.

Akasema, "Mwalimu, nyamaza. Tafadhali nyamaza." Kisha akasema, "Kwetu, mawe ni mama."

Viganja vya mwalimu vilikuwa bado viko wazi hewani.

Mnaelewa, wapendwa? Mtoto yule hakuwahi kuomba jiwe hata moja. Alikuwa anamwita mama yake langoni. Na kila alipomwita, mtu mzima mwenye sauti ya upole, mtu anayempenda, aliinama akamjibu kwa neno lile lile la kwao: hakuna mama. Hakumwambia hayupo, atarudi jioni. Alimwambia hakuna, kama uji unavyoisha kikombeni. Darasani hakuna, barabarani hakuna, hata kule nyumbani hakuna. Na darasa zima likamwimbia.

Na ninyi mmemwimbia. Tena mmefungua na viganja.

Siwalaumu, mimi ndiye niliyewaimbisha. Lakini kaeni na jambo hili kidogo. Mlikuwa mnacheka, na hamkuwa na ubaya wowote moyoni. Wala watoto wale hawakuwa na ubaya. Wala mwalimu. Ubaya haukuhitajika. Alihitajika tu mtu mmoja anayedhani ameelewa, asiulize. Yule mama wa dirishani angeulizwa mapema, angetuokoa wote kwa neno moja.

Mwalimu hakujitetea. Aliingia darasani akamtoa Kemilembe kwa mkono, akamleta, akapiga magoti kati yao. Akamwonyesha yule mama kwa kidole, akasema, "Mawe yupo." Kiswahili cha ajabu, nusu chake nusu chao, lakini ndicho alichokuwa nacho. "Mawe yupo, Kemilembe. Yupo."

Na mtoto hakumkimbilia mama yake. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Alimtazama mwalimu kwanza. Alikuwa anaomba ruhusa. Mtoto wa miaka minne, mama yake yuko mbele yake, anamwangalia mwalimu kujua kama anaruhusiwa kumwita. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, akaitikia tena na tena. Ndipo mtoto akasema, polepole sana, "Mawe?" Mama akamjibu. Alimjibu kwa lugha yao, maneno mengi, nami siyajui, nikijaribu nitayaharibu. Wakabaki pale kwenye kiti kidogo wameshikana, na hakuna aliyewaharakisha.

Sasa wengine mngependa niishie hapo tufute machozi twende sadaka. Bado. Kwa sababu kulia ni rahisi. Kazi ya mwalimu ilikuwa bado langoni.

Kesho yake asubuhi alimsubiri yule baba wa pikipiki. Akamwambia, "Baba, siku ya kwanza nilikuambia neno juu ya mtoto wa mwenzio. Halikuwa la kweli. Na hata lingekuwa la kweli, halikuwa la kukuambia wewe. Mtoto aliletwa kwangu kwa amana."

Yule baba akajikuna kichwa. "Sasa madamu, mbona mimi nimeshawaambia watu?"

"Basi zima pikipiki, twende wote tukawaambie upya."

Wakaenda. Stendi, kisha sokoni, kwa wauza nyanya, mwalimu na sare yake, mtu mmoja baada ya mwingine. Wengine walimcheka. Wengine walimwambia madamu, mambo madogo hayo, achana nayo. Alirudi shuleni amechelewa na viatu vina vumbi, na Kemilembe akabaki na nafasi yake kwenye mkeka.

Haya, sasa tuje kwetu. Na hapa nitasema waziwazi, mkikasirika mtanikuta ofisini.

Kesho kutwa tunafungua chekechea ya kanisa hili. Madarasa tumepaka rangi, mikeka imenunuliwa, tumejisifu vya kutosha. Na watakuja watoto. Hawatakuja wetu tu. Jirani zetu hapa nyuma ni Waislamu, wameshauliza kama tutawapokea, na mimi nimeshawaambia ndiyo. Kuna mama mmoja amenifuata ana binti asiyesikia, amenyanyaswa shule mbili. Kuna familia ya wafugaji wamehamia kule bondeni, watoto wao hawajawahi kuvaa viatu. Na nimesikia mapendekezo, tena kutoka kwa watu wazuri, watu kama yule mwalimu. Mmoja ananiambia watoto wote wavue ushungi wakifika langoni, ili wafanane. Mwingine anasema majina magumu tuyafupishe. Mwingine ameshaanza kunisimulia baba wa mtoto fulani ni mlevi, nimwangalie. Ndugu yangu, hayo umeyasema kwangu, tafadhali yaishie hapo hapo. Usiyapeleke stendi.

Ninyi walimu watatu mliokaa mbele hapa, nawapenda, na mmesoma kuliko mimi. Sina la kuwafundisha juu ya herufi. Lakini mtoto hawezi kukuambia kwamba umemkosea. Hana maneno hayo. Atakunyamazia tu, na wewe utafikiri ametulia. Kwa hiyo ukimwona mtoto ameacha kulia, usifurahi haraka. Chunguza amepoteza nini.

Na sisi wengine ambao si walimu, je, tumepona? Ni nani nyumbani kwako umemfundisha kunyamaza? Mkwe anayesali tofauti na wewe? Msichana wa kazi ambaye umembadilisha jina kwa sababu la kwao linakuchosha ulimi? Mara ngapi tumemfungulia mtu viganja vitupu, tukamwambia kitu chako hakuna hapa, na tukasema kwa upole, tukatabasamu?

Mungu tunayemwabudu, mimi namwita kwa Kiswahili, bibi yangu alimwita kwa Kigogo, na yule mama wa dirishani anamwita kwa lugha ambayo sijui hata salamu yake. Hajawahi kumkosoa hata mmoja wetu matamshi. Anageuka tunapoita. Ndivyo anavyotupenda, na ndivyo nataka tuwapende hawa wadogo wanaokuja.

Kwa hiyo kesho kutwa asubuhi nitakuwa langoni mimi mwenyewe, na wazee wa kanisa nanyi njooni. Hatutaenda kukagua sare. Kila mama atakayefika, kabla hajageuka kwenda kazini kwake, tutamshika mkono tumuulize: "Mwanao akikulilia, husemaje?" Na tutalijifunza neno hilo, hata kama litatupinda midomo, ili mtoto atakapoita pasiwe na mtu wa kumjibu hakuna.

Tusimame tuombe. Mama wa dirishani, leo utatuongoza wewe, kwa lugha yenu.